Somo: Kulinganisha saa za Praia na Port Louis ukiwa Goma

Somo hili linawahusu wanachama wanaotaka kupanga mazungumzo na watu wa Praia, mji mkuu wa Cabo Verde, na wa Port Louis, mji mkuu wa Morisi, kwa wakati mmoja. Sisi Wakongo tumeizoea hesabu hii nyumbani: Kinshasa ikifika saa mbili usiku, Goma tumeshafika saa tatu.

Hatua ya 1. Anzia kwenye UTC, saa ambayo dunia nzima huitumia kama kipimo, wala usilinganishe mji na mji moja kwa moja. Goma iko saa mbili mbele ya UTC, Port Louis saa nne mbele, na Praia saa moja nyuma. Kwa hiyo visiwa hivyo viwili vimepishana kwa saa tano.

Hatua ya 2. Andika saa kwa tarakimu, kuanzia 00:00 hadi 23:59, kisha uigeuze kuwa saa ya Kiswahili mwishoni kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nimo, kwani niliwahi kumwamsha mtu wa Port Louis usiku wa manane kwa sababu ya "saa mbili" niliyoiandika bila kueleza kama ni ya Kiswahili au ya Kifaransa. Mfano: 14:00 ya Goma ni 12:00 ya UTC, Praia ni 11:00, yaani saa tano asubuhi, na Port Louis ni 16:00, yaani saa kumi alasiri.

Hatua ya 3. Angalia tarehe. Jumamosi saa tano usiku hapa Goma, Praia bado ni Jumamosi saa mbili usiku, lakini Port Louis imeshaingia Jumapili, saa saba usiku.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, saa hizo hubadilika kufuata majira, kama za Ulaya?
Jibu: Hapana. Morisi ilijaribu kati ya 2008 na 2009, ikaacha. Hata hivyo serikali inaweza kuamua vingine wakati wowote: São Tomé ilisogeza saa zake mbele tarehe 1 Januari 2018, ikazirudisha tarehe 1 Januari 2019. Praia nayo, ukifuata jua, ingekaribia kuwa saa mbili nyuma ya UTC, na ndivyo ilivyokuwa hadi 1975, mwaka iliopata uhuru.

Swali: Nasikia kote wanazungumza Krioli. Je, wataelewana?
Jibu: Hawataelewana kwa lugha hizo. Wazungu walipofika, visiwa vyote viwili havikuwa na wakazi, lakini Krioli ya Cabo Verde ilitokana na Kireno na lugha za watumwa walioletwa kutoka Afrika Magharibi, ilhali ya Morisi ilizaliwa chini ya Wafaransa, waliokitawala kisiwa hicho tangu 1715 hadi Waingereza walipokitwaa 1810. Baada ya utumwa kukomeshwa huko 1835, mashamba ya miwa yalijazwa vibarua wa mkataba kutoka India, na wazao wao ndio wengi leo. Kwa hiyo mzungumze Kifaransa na watu wa Port Louis, na mtafute mkalimani wa Kireno kwa ajili ya Praia.

Swali: Mimi niko Lubumbashi. Nibadilishe nini?
Jibu: Usibadilishe chochote, saa yenu ni hii hii ya Goma.