Klasta Yako Iendeshwe na Linux Gani? Anza na Mashine Ulizonazo

Wanaojenga klasta yao ya kwanza, yaani kundi la seva zinazofanya hesabu kwa pamoja, huniuliza: "Fundi, niweke Ubuntu au Rocky?" Nami nawauliza: seva zako ni za mwaka gani, na zitafanya kazi gani? Majibu hayo mawili yakishapatikana, distro (aina ya Linux, kama Ubuntu au Rocky) huwa imeshajichagua.

Hatua ya 1: Kagua prosesa na kadi

Hapa usiwe na haraka. Familia ya Red Hat (Rocky, AlmaLinux) toleo la 9 inataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2. Toleo la 10 limepanda hadi v3 (ingawa AlmaLinux 10 hutolewa pia kwa v2), na kiwango hicho kinahitaji AVX2, kundi la maagizo ya prosesa ya kuharakisha hesabu. Seva za mtumba zenye Xeon E5-2600 au E5-2600 v2 hazina AVX2. Washa seva kwa flashi yenye Linux yoyote, kisha andika:

`grep -o -m1 avx2 /proc/cpuinfo`

Ikikaa kimya, baki na toleo la 9.

Kisha washa kwa flashi ya toleo lile lile unalotaka kuweka, andika `lsblk` uone kama diski zote zimejitokeza. Kuanzia toleo la 8 la familia ya Red Hat, draiva za kadi nyingi za zamani za RAID (zinazounganisha diski kadhaa) ziliondolewa. Niliwahi kukaa hadi saa nne usiku mbele ya skrini inayoniambia hakuna diski, na huku diski nne zinawaka taa za kijani usoni pangu. Draiva niliipata ELRepo, hazina ya draiva za ziada za familia hiyo.

Hatua ya 2: Andika orodha ya programu, ngumu kuliko zote iwe juu

GROMACS na OpenFOAM, programu huria za hesabu za kisayansi, utazijenga popote. Zinazobana ni programu za kulipia, kwa hiyo soma distro ambazo muuzaji anazikubali. Ukihitaji seva za Lustre (mfumo wa mafaili unaotumiwa na seva nyingi kwa pamoja), familia ya Red Hat ndiyo njia iliyonyooka.

Angalia na glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea, kwa `ldd --version`. Rocky 8 ina 2.28, Rocky 9 ina 2.34, Ubuntu 22.04 ina 2.35. Mwanafunzi akijenga programu kwenye laptopu ya Ubuntu kisha akaileta kwenye Rocky 8, huenda ikagoma kwa ujumbe `GLIBC_2.34 not found`. Mfundishe mapema kutumia Apptainer, inayofunga programu pamoja na maktaba zake kwenye kontena.

Hatua ya 3: Tazama masasisho yanaisha lini

Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, distro ya bure ya familia ya Red Hat, itafikia kikomo mwisho wa 2021, wakati watu walishapanga kukaa nayo hadi 2029. Rocky na AlmaLinux zilizaliwa kuziba pengo hilo, na toleo la 9 la zote mbili litahudumiwa hadi 2032. Masasisho ya kawaida ya Ubuntu 24.04 yanaishia 2029.

Hatua ya 4: Jaribu kwa nodi (seva za klasta) mbili tu

OpenHPC 3, mkusanyiko wa programu za klasta, ina vifurushi vya Slurm (hugawa kazi kwa nodi) na Warewulf (huwasha na kusimamia nodi) vilivyojengwa kwa toleo la 9, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendekeza Rocky 9 kwa timu ndogo. Timu ikiwa imezoea Ubuntu na haina kadi za ajabu, ibaki na Ubuntu.

Linganisha saa za nodi kwa chrony, maana saa zikipishana sana munge, inayothibitisha utambulisho kati ya nodi za Slurm, hukataa. Kisha:

`srun -N2 hostname`

Majina mawili yakitoka, funga toleo la kerneli (kiini cha Linux) kwa `dnf versionlock` kabla ya kuongeza nodi ya tatu, hasa kama unatumia InfiniBand, mtandao wa kasi kati ya nodi. Draiva yake ikijengwa kwa kerneli moja, sasisho la usiku linaweza kukuachia nodi zisizoonana asubuhi.