Somo: Kunasa stesheni za mbali za AM usiku

Redio ndogo ya betri yenye AM inatosha kabisa. Anza na hiyo kabla hujanunua chochote.

1. Subiri jua lizame. Mchana, tabaka la angani liitwalo D hufyonza mawimbi ya AM, ndiyo maana unapata stesheni za karibu tu. Giza likiingia D hufifia, mawimbi hupanda mpaka tabaka la juu zaidi, liitwalo F, na kurudi chini mamia, hata maelfu ya kilomita kutoka yalikorushwa. Magharibi na alfajiri ndizo saa tamu.

2. Zima chaja, runinga na taa za LED. Zote huleta mikwaruzo.

3. Zungusha redio. Utamu wote uko hapa. Ndani yake mna fimbo nyeusi ya feraiti iliyoviringiwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo antena ya AM, wala si ile ya kuvuta. Fimbo husikia vizuri ubavuni, nchani ni kiziwi. Stesheni ya karibu ikikuzibia, geuza redio polepole mpaka sauti yake inywee, na chini yake utasikia lugha nyingine ikiibuka. Iliponitokea mara ya kwanza niliishikilia vilevile mpaka mkono ukafa ganzi, naogopa hata kupumua.

4. Andika saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima), masafa (namba ya stesheni kwenye redio), lugha na ulichosikia. Saa kamili ikikaribia usihame: ndipo stesheni nyingi hujitaja.

MASWALI

Mkuu, nasikia mluzi mwembamba usiokatika. Redio imekufa?

Haijafa. Afrika, Ulaya na Asia masafa hupangwa kwa hatua ya kilohezi (kHz) 9, Amerika kwa 10. Stesheni ya 1539 ikikutana na ya 1540, ile tofauti ya kHz 1 ndiyo mluzi wenyewe. Zima chaja kwanza. Mluzi ukibaki, kaa hapo hapo, huenda ni bara jingine hilo.

Yangu ya dijiti inaruka stesheni.

Angalia hatua yake, huenda imewekwa 10 badala ya 9.

Nikiwaandikia watajibu?

Baadhi hutuma kadi ya QSL, yaani kadi ya kuthibitisha kwamba kweli uliwasikia. "Nimewasikia" peke yake haitoshi: wape tarehe, saa, masafa, na kipindi chenyewe kilisema nini, wimbo upi ulipigwa, mtangazaji alijitaja vipi.