Somo: Pampu ya kisima inawaka na kuzima kila dakika? Pima tangi la presha kwanza

Visima vya Dodoma vingi ni virefu, na kupandisha pampu kutoka chini ni kazi ya watu na winchi. Basi kabla hujaita mafundi wa kisima, pima lile tangi la chuma lililo karibu na swichi ya presha (ile inayowasha na kuzima pampu). Ndani yake mna mpira. Maji hukaa ndani ya mpira, hewa hukaa kati ya mpira na chuma, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma maji wakati pampu imepumzika. Hewa ikiisha au mpira ukipasuka, pampu haipumziki tena: mota inachemka, na kontakti za swichi (ncha zinazogusana kupitisha umeme) zinaungua.

Dalili

Fungua koki moja, simama mbele ya geji. Kwa swichi iliyopangwa 20 na 40 (psi, kipimo cha presha: inawasha 20, inazima 40), mshale unatakiwa kushuka taratibu kutoka 40 hadi 20, ndipo pampu iwake. Ukiona unaanguka ghafla, pampu inawaka, unaruka hadi 40, swichi inalia ta! na kuzima, kisha yanajirudia ndani ya sekunde chache, tatizo karibu kila mara ni tangi.

Kupima

1. Zima breka ya umeme wa pampu.
2. Fungua koki ya chini kabisa na uiache wazi hadi maji yakatike na geji isome 0. Usiruke hatua hii. Tangi likiwa bado na maji, hewa inabanwa na maji hayo, kwa hiyo unasoma presha ya maji ukidhani ni ya hewa. Kosa hili ndilo linalofanya matangi mazima yatupwe.
3. Toa kifuniko cha plastiki juu au nyuma ya tangi. Ndani kuna valvu kama ya tairi la gari. Bonyeza kipini chake kidogo. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Ikitoka hewa, pima kwa geji ya tairi.
4. Hewa inatakiwa iwe psi 2 chini ya namba ya kuwashia. Swichi ya 20 na 40, jaza 18. Ya 30 na 50, jaza 28. Pampu ya baiskeli inatosha.
5. Paka povu la sabuni kwenye valvu. Likitoa mapovu, badilisha kile kipini tu. Mafundi tairi wanacho.

Ukijaza leo na baada ya siku chache hewa imepungua tena, na valvu haivuji, mpira umechoka.

Kubadilisha mpira

Nenda dukani na mpira wa zamani au ujazo ulioandikwa kwenye tangi, pamoja na kipimo cha mdomo wa mpira, kwa sababu midomo inatofautiana.

Umeme ukiwa umezimwa na maji yametoka, bonyeza valvu hadi hewa yote iishe. Usilegeze bolti hata moja hewa ikiwa ndani. Kile kifuniko cha chuma kinachoshika mdomo wa mpira kinaweza kuruka na kukuumiza. Kisha fungua bolti za kifuniko (mara nyingi ni sita), vuta mpira, suuza kutu. Ukikuta chuma kimeliwa hadi kinavuja, nunua tangi zima. Matangi ya lita 100 na kuendelea, mpira huwa umeshikwa na nati upande wa pili pia.

Ingiza mpira mpya, kaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, ili mdomo ukae sawa. Jaza hewa mpira ukiwa bado hauna maji, kisha washa pampu koki moja ikiwa wazi hadi maji yaache kukohoa.

Maswali ya wanachama

Swali (Ihumwa): Mkuu, kwangu pampu inawaka usiku wakati hakuna aliyefungua koki.
Jibu: Hapo maji yanatoka mahali. Funga valvu ya kwenda nyumbani, tazama geji. Mshale ukitulia, kagua matangi ya vyoo na bomba za ndani. Ukiendelea kushuka, maji yanarudi kisimani: valvu ya kuzuia maji kurudi imechoka, au bomba la kisimani linavuja.

Swali (Nzuguni): Fundi kaniambia nijaze hewa 40 ili bafuni kuwe na nguvu. Swichi yangu ni 20 na 40.
Jibu: Usifanye hivyo, ndugu. Nguvu ya bafuni inapangwa na swichi. Ukijaza 40, maji hayana pa kuingia, pampu itazima mara tu baada ya kuwaka.

Swali (Kisasa): Lita 24 zinatosha? Pampu inatoa lita 40 kwa dakika.
Jibu: Hazitoshi. Kwa 20 na 40, tangi hutoa kama theluthi moja ya ujazo wake, yaani lita 8 hivi, na pampu hiyo inazijaza kwa sekunde 12. Pampu ikiwaka inafaa ikimbie angalau dakika moja. Tafuta tangi la lita 120 hadi 150.

Swali (Bahi): Mpira ni mpya, hewa 18, lakini pampu haizimi, na maji yetu yana chumvi.
Jibu: Angalia kale kabomba kembamba kanakoingia kwenye swichi. Maji ya chumvi hugandisha chokaa humo, swichi haisikii presha. Zima umeme, toa maji, kafungue, kazibue kwa waya. Kakiwa safi na bado haizimi, angalia kontakti kama zimegandana; zikiwa hivyo, badilisha swichi.