Namna ya Kumvua Sangara kwa Chambo cha Risasi Ukiwa Ukingoni

Sangara, ambaye hapa Uganda wengi tunamwita mputa, si samaki wa wenye mitumbwi peke yao. Mvuvi aliyesimama juu ya mwamba wa Ziwa Viktoria akiwa na fimbo na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, anaweza kumpata, mradi ajue samaki huyu hukaa wapi na kwamba mara nyingi hukidaka chambo kinapozama, si kinapovutwa.

Sangara huhitaji maji yenye oksijeni nyingi, ndiyo maana haingii ndani kwenye mafunjo, ambako nkejje na samaki wengine wadogo hujificha asiwafikie. Tafuta rasi ya mawe inayopigwa na upepo, yenye kina cha mita tatu au nne karibu na ukingo, na uiache ghuba iliyofunikwa na magugu maji. Kabla ya kurusha, uliza kwenye mwalo ulio karibu, yaani pahali wavuvi wanaposhushia samaki, kuhusu kibali na sehemu za mazalia zilizokatazwa.

Chambo chenyewe ni ndoana iliyoyeyushiwa kichwa cha madini ya risasi na kuvishwa mkia wa mpira laini. Gramu 20 hadi 40 zinatosha. Tumia mshipi unaohimili kilo 15, kisha mwishoni uunge mita moja ya mshipi mnene zaidi, kwa sababu meno ya sangara, madogo na mengi kama msasa, huusaga mshipi mwembamba mpaka ukakatika.

Rusha chambo, kisha hesabu polepole huku kikizama, hadi mshipi ulegee ghafla. Hapo kimegusa chini, na hesabu hiyo ndiyo kipimo chako cha kina. Inua ncha ya fimbo kiasi cha urefu wa mkono, halafu ishushe ukiufuata mshipi bila kuulegeza kabisa, huku ukikusanya uzi uliobaki kwa mizunguko miwili ya rili. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Weka kidole cha shahada juu ya mshipi wakati chambo kinashuka, kwani mdako wa sangara huhisiwa kama mgoto mmoja mdogo, au mshipi husimama tu kabla hesabu haijatimia. Ukihisi hivyo, pandisha fimbo kwa nguvu mara moja.

Breki ya rili iwe imelegezwa kiasi cha kumruhusu akimbie. Niliwahi kuikaza kwa hofu ya kumpoteza samaki mkubwa, naye akaruka juu ya maji, akatikisa kichwa, na mshipi ukakatika. Anaporuka, inamisha fimbo chini.

Saa za jioni ndizo zenye samaki wengi, lakini ndizo pia za mamba na viboko. Simama hatua kadhaa kutoka majini, usirudie pahali pamoja muda mrefu, na kamwe usikae kwenye njia ya kiboko. Usiingie majini bila viatu virefu vya mpira, kwa kuwa konokono wa kwenye majani hueneza kichocho.

Ukimfikisha ukingoni, mshike kwa taya la chini ukiwa umevaa glavu, na usiguse kifuniko cha mashavu, kwani ukingo wake hukata kama wembe. Mpime. Akiwa chini ya sentimita 50 sheria hairuhusu kumchukua. Basi mrudishe: mshikilie majini tumbo likiwa chini, kichwa kikielekea mawimbi, mpaka apige mkia mwenyewe.