Namna ya Kuchagua Raifo Yenye Nguvu Ambayo Bega Lako Litaimudu

Mtu anayejiandaa kwa msimu wa uwindaji katika mapori ya upande wa Chunya, au katika mabonde ya joto yaliyo chini ya Iringa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni raifo ipi yenye nguvu ya kumwangusha pofu au nyati. Swali hilo ni halali, lakini lina mwenzake linalosahaulika dukani na kukumbukwa porini: bunduki hiyo itampiga mpigaji kiasi gani? Teke la bunduki likizidi uvumilivu wa mtu, mwili hujifunza kuliogopa, macho hufumba kabla ya mlio, mkono huivuta triga kwa pupa, na risasi iliyokusudiwa begani mwa mnyama huingia tumboni. Hapo ndipo kazi ya kufuata damu vichakani hadi jioni inapoanzia.

Chanzo cha teke ni rahisi kueleza. Kichwa cha risasi na gesi ya baruti vinapotoka kwa kasi mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa msukumo ulio sawa, na kinachoamua ukali wake ni uzito wa kichwa, kasi yake, wingi wa baruti na uzito wa bunduki yenyewe. Raifo ya .30-06 (namba za namna hii ni majina ya aina za risasi) yenye kilo 3.6, ikipiga kichwa cha greni 180, ambacho ni karibu gramu 12, humrudishia mpigaji nishati ya takriban jouli 27. Ile ya .300 Winchester Magnum, yenye uzito unaozidi kidogo huo na kichwa hicho hicho, hufika karibu jouli 34. Ukichukua .375 H&H Magnum, ambayo kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza iliitoa mwaka 1912, yenye kilo 4.1 na kichwa cha greni 300, unapata takriban jouli 50, na .458 Winchester Magnum yenye uzito huo huo wa bunduki hufika 80 au zaidi. Kwa maneno mengine, anayeruka kutoka .30-06 hadi .375 anakubali karibu mara mbili ya pigo alilolizoea.

Kabla ya kukubali pigo hilo, mtazame mnyama. Wawindaji wa Marekani wanaomfuata elki katika milima ya Rocky, ambaye dume lake kubwa huwa na kilo 300 na kitu, hubishana miaka yote kuhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi, na wengi wao humwangusha kwa .30-06 bila shida. Kwetu, tandala mkubwa hafiki hata uzito huo mara nyingi, kwa hiyo mwenye kibali cha tandala hana sababu ya kujitesa. Pofu dume ni habari nyingine, kwani anaweza kupita kilo 700, ingawa si mnyama wa kumvamia mtu; .300 yenye kichwa kigumu kinachopenya vizuri humtosha akipigwa mahali panapostahili. Nyati ndiye anayefunga mjadala, maana kwake .375 ndiyo inayohesabiwa na wawindaji wa Afrika Mashariki kuwa kaliba ya chini. Ikiwa nyati hayumo katika kibali chako, kununua bunduki ya nyati ni kulipia maumivu usiyoyahitaji.

Njia ya uhakika zaidi ya kupunguza teke ni uzito wa bunduki. Kwa risasi ile ile, nishati ya teke hupungua kadiri uzito wa bunduki unavyoongezeka, hivyo bunduki ya kilo 4 hurudisha robo pungufu ya ile ya kilo 3. Wauzaji husifu bunduki nyepesi, na mtu aliyewahi kupanda kutoka bondeni hadi juu ya ukingo wa nyanda kwa miguu anaelewa kwa nini sifa hizo hupendeza. Hata hivyo, bunduki hubebwa kwa mkanda siku nzima na hupigwa mara moja au mbili, na kwa maoni yangu kilo moja ya ziada begani kwa saa nyingi inavumilika kuliko hofu ya sekunde moja. Kumbuka kwamba darubini, mkanda na risasi zilizomo ndani nazo ni uzito.

Baada ya uzito, shughulika na kitako, kwa sababu bunduki mbili zenye jouli sawa zinaweza kumpiga mtu kwa namna tofauti kabisa. Kitako kilichonyooka huleta pigo moja kwa moja nyuma, ilhali kilichoinama sana huinua mtutu na kulipiga shavu. Ukishika bunduki kwa mkao wa kulenga, kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono wa triga pawe na nafasi ya vidole viwili hivi. Ikipungua, gumba litakupiga puani.

Sisi wa nyanda za juu tuna mtego wetu wenyewe katika jambo hili. Mwaka mmoja niliazima .375 na kuijaribu asubuhi ya Julai karibu na Mafinga, nikiwa nimevaa sweta na koti zito juu yake, nikaona teke lake ni la kawaida tu. Siku chache baadaye, nikiwa kwenye joto la Pawaga na shati jepesi, kitako kilikaa nyuma zaidi kwa unene wa koti lile, jicho likasogea karibu na darubini, na ukingo wake ukanipasua juu ya nyusi. Pima bunduki ukiwa na nguo utakazovaa porini, na kwa kaliba kubwa hakikisha darubini inakuonyesha picha kamili jicho likiwa umbali wa sentimita 9 au 10.

Mpira laini mwishoni mwa kitako ni nafuu ya bei ndogo. Kuna pia kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kuielekeza gesi pembeni, nacho kinaweza kupunguza teke kwa theluthi moja au zaidi, lakini mlio wake huwaangukia askari wa wanyamapori na mfuata nyayo wanaosimama kando yako. Mlio wa raifo kubwa hupita desibeli 150 hata bila kifaa hicho, na masikio huumia kuanzia kama 140. Hofu nyingi inayodhaniwa kuwa ya bega huwa ya masikio, kwa hiyo vaa viziba masikio katika kila zoezi.

Zoezi lenyewe lifanyike kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na liwe fupi. Risasi 10 hadi 15 za kaliba kubwa zinatosha kwa siku. Ukikaa mezani kurekebisha darubini, weka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega, maana mwili uliokaa hauwezi kuyumba na pigo kama uliosimama. Mazoezi mengine yote yafanye ukiwa umesimama. Mwombe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ya bandia isiyo na baruti. Ukivuta triga juu ya ile ya bandia na mtutu ukainama, umeshajua ugonjwa wako, na dawa yake ni kurudi kwenye kaliba ndogo kwa wiki kadhaa na kufyatua mara nyingi bunduki tupu iliyokaguliwa.

Kwa kuwa umiliki unahitaji leseni chini ya Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kubadilisha bunduki baada ya kununua ni safari nyingine ya makaratasi. Tafuta kwanza mmiliki halali wa kaliba unayoitaka, akusimamie upige risasi tatu ukiwa umesimama, kwa karatasi iliyo mita 50. Ya kwanza haisemi mengi, kwa kuwa bega bado halijui kinachokuja. Itazame ya tatu imeangukia wapi.