Jebel Shams kwa watu wawili: njia ya W6 hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote mlio Omani.

Tangu joto lianze kupungua, swali limekuwa moja, hasa kwa mliofika karibuni kutoka Dar, Mombasa na Unguja: ni mlima gani naweza kwenda na rafiki yangu siku ya mapumziko, bila kiongozi, nikarudi salama? Mimi husema nendeni Jebel Shams, ila msiende kileleni. Chukueni njia ya ukingoni, ile yenye alama ya W6. Inaanzia kijiji cha Al Khitaym, inafuata ubavu wa korongo la Wadi Ghul, na inakomea As Sab, kijiji kilichohamwa na wenyewe. Kwenda ni karibu kilomita nne, kama saa moja na nusu hadi mbili, na kurudi vivyo hivyo. Mpando mkali hauna. Kilicho kikali ni genge lenyewe, maana korongo linashuka zaidi ya mita 1,000.

Somo hili ni la watu wawili. Makundi makubwa yana taratibu zake, na anayetaka kwenda peke yake namsihi atafute mwenzake kwanza.

Hatua ya 1: Msimu na siku

Nendeni kati ya Oktoba na mwanzo wa Aprili. Kiangazi hata huko juu jua linaunguza, na njiani kivuli ni kidogo. Desemba na Januari mchana ni mzuri mno, lakini usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, na miaka mingine kilele hupata theluji.

Angalieni utabiri wa hali ya hewa jana yake na asubuhi yenyewe. Mvua ikitajwa popote kwenye milima ya Hajar, ahirisheni. Mafuriko ya wadi, yaani bonde la mto ambalo mara nyingi huwa kavu, hayangoji mvua inyeshe pale mlipo. Maji huanza mbali, yakafika mkiwa mnaona jua. Na mkiikuta wadi imejaa maji barabarani, msijaribu kuivuka, hata kama gari la mbele limepita. Ni hatari, na sheria ya hapa inakataza.

Hatua ya 2: Kaeni mzungumze kabla ya kuondoka

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kubwa kuliko viatu, maji na ramani. Urafiki wa ughaibuni una uzito wake. Huyo mwenzio pengine ndiye ndugu pekee uliye naye katika nchi hii, kwa hiyo unaona haya kumwambia umechoka, naye anaona haya kukuambia anaogopa. Mtaendelea wote wawili, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, mpaka jua liwachwee.

Basi kubalianeni mambo haya mkiwa bado nyumbani, mkiwa mnakunywa chai.

Kwanza, saa ya kugeuka. Sisi huweka saa sita mchana. Ikifika saa sita tunageuka, tumefika As Sab au hatujafika. Msipange saa hiyo mkiwa njiani, kwa sababu njiani kila mtu husema tumalizie ile kona tu.

Pili, mwenye mwendo mdogo ndiye atangulie. Akiwa nyuma atajilazimisha ili asiachwe, na mtu anayejilazimisha hujikwaa. Akiwa mbele, mwendo wake ndio mwendo wa safari.

Tatu, mmoja akisema turudi, mnarudi. Hakuna kuulizana kwa nini mpaka mfike kwenye gari. Mimi huenda na rafiki yangu, mzaliwa wa Nizwa ambaye mama yake ni wa Unguja. Safari moja tulikuwa tumebakisha kipande kifupi tu kufika kijijini, akasimama akasema turudi. Tukageuka. Kwenye gari ndipo akaniambia goti lilikuwa limeanza kumchoma na hakutaka kulitia majaribuni kwenye mawe ya kurudi. Kijiji tulikiona safari iliyofuata, goti likiwa zima.

Nne, mwacheni mtu mjini mwenye habari zenu: mnakwenda wapi, gari gani, mtarudi saa ngapi, na afanye nini msiporudi. Namba ya dharura nchini ni 9999.

Hatua ya 3: Mzigo

Maji lita tatu kwa kila mtu, na kila mmoja abebe yake. Msiweke yote kwenye mkoba mmoja, mkaja kutengana nayo. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya meno, na viwe vimeshavaliwa siku nyingi. Kofia, shati la mikono mirefu, sweta au koti jepesi hata kama Maskati kuna joto. Tochi, bendeji, plasta, filimbi, simu iliyojaa chaji. Ramani ipakueni kwenye simu mapema, kwani mtandao hukatika korongoni. Kitambulisho cha ukaazi, ile bataka, usikiache.

Chakula: tende, machungwa, karanga, maandazi, mayai ya kuchemsha. Chupa ya chai ya tangawizi iacheni garini, mtaihitaji mkirudi.

Hatua ya 4: Barabarani

Kutoka Maskati tokeni saa kumi alfajiri. Mnashika barabara kuu ya Nizwa, mnapita Al Hamra, kisha Wadi Ghul, ndipo mnaanza kupanda. Wekeni muda wa saa tatu na zaidi njiani. Jazeni mafuta Nizwa au Al Hamra. Pale Ghul simameni kidogo mtazame ng'ambo ya wadi, mtaona magofu ya kijiji cha zamani yakiwa na rangi ile ile ya mlima, hata jicho linachelewa kuyatofautisha.

Barabara ya juu ina kona kali na mteremko mrefu. Gari linalovuta magurudumu yote manne ndilo ninalolipendekeza. Wakati wa kushuka tumieni gia ndogo, msikanyage breki mfululizo mpaka zikapata moto.

Hatua ya 5: Njiani

Al Khitaym mtawakuta kina mama na watoto wakiuza bangili na mapambo ya sufu. Wasalimuni vizuri, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Vaeni kwa heshima, wanawake na wanaume.

Njia inaonyeshwa kwa mistari mitatu ya rangi iliyopakwa kwenye mawe: njano, nyeupe na nyekundu. Kanuni yangu ni kwamba mkitembea dakika chache bila kuona alama, simameni. Mmoja abaki pale, mwingine arudi nyuma hadi alama ya mwisho huku mkionana. Wala msifuate vijia vya mbuzi. Mbuzi hupita mahali ambapo mtu hawezi kugeuka.

Sehemu kubwa ya njia ina upana wa kutosha mtu kutembea bila wasiwasi, ila haina kizuizi chochote upande wa korongo. Tembeeni upande wa mwamba. Mkikutana na wanaorudi, ninyi simameni upande wa ndani. Na kuna jambo moja nalisisitiza sana: usitembee huku unatazama. Ukitaka kutazama, simama kwanza, miguu ikae imara, ndipo uinue macho. Mandhari yenyewe yanastahili hivyo. Utaona tumbusi wakielea chini yako, na chini yao bado kuna nusu ya mlima. Picha za kukaa ukingoni miguu ikining'inia msipige. Mawe ya pale yana nyufa, na upepo wa korongo huja ghafla.

Hatua ya 6: As Sab

Nyumba za mawe na udongo zimejengwa chini ya mwamba uliochomoza kama dari, na mbele yake kuna matuta ya mashamba. Watu waliishi hapa, wakalima hapa, katikati ya genge. Ingieni kwa adabu. Msipande kuta, msiondoke na jiwe wala kigae, na taka zenu zote mrudi nazo, hata maganda ya machungwa.

Juu ya kijiji kuna kidimbwi, na kukifikia lazima uparamie mawe. Kama mmoja wenu hana raha nalo, kaeni wote chini mle tende zenu.

Hatua ya 7: Kurudi

Ni njia ile ile, lakini miguu imechoka na jua limewaka. Punguzeni mwendo, kunyweni maji kabla ya kiu. Majira ya baridi jua huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na barabara ya mlimani ni bora muishuke kukiwa na mwanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Sohar: Dada, ahsante kwa somo. Nilizuiwa na polisi nikipanda mlimani kwa gari dogo mwaka jana. Huku nako kuna kizuizi?

Jibu: Nadhani kaka ulikuwa unapanda Jebel Akhdar. Kule Birkat al Mouz kuna kituo cha polisi, na bila gari la kuvuta magurudumu manne hupiti. Jebel Shams haina kituo cha namna hiyo, lakini usiione hiyo kuwa ruhusa. Uliza hali ya barabara Al Hamra kabla ya kupanda na gari dogo.

Mwanachama, Maskati: Shikamoo dada. Nafanya kazi za nyumbani, mapumziko yangu ni Ijumaa tu. Mimi na mwenzangu hatuna gari. Tutafikaje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Basi la Mwasalat linafika Nizwa, lakini mlimani hakuna basi, na kwa siku moja muda hautoshi. Tafuteni wengine wawili au watatu mchangiane gari na dereva anayeijua barabara ya mlimani, mtoke alfajiri. Bei kubalianeni kabla, ya kwenda na kurudi, na awangoje. Asiwashushe akaondoka. Na mwambieni mwajiri mnakokwenda na saa ya kurudi.

Mwanachama, Maskati: Na Sala ya Ijumaa?

Jibu: Kwa suala la hukumu ya msafiri muulize shekhe wako. Sisi tunaoweza kuchagua huenda Jumamosi, tukaondoa wasiwasi huo kabisa.

Mwanachama, Salalah: Nina kizunguzungu nikitazama chini kutoka ghorofani. Niende?

Jibu: Kwanza fika Al Khitaym usimame ukingoni, mbali kidogo. Ukiona magoti yanalegea, tembeeni dakika kumi tu upande wa mwamba kisha mgeuke, na siku itakuwa nzuri bado. Mwenzio asikubembeleze kuendelea. Uwanda wa juu pia una matembezi mbali na genge, na miti yake ni ya jamii moja na mwangati wa Usambara. Mtu wa Lushoto ataitambua.

Mwanachama, Nizwa: Tumeshaenda W6 mara kadhaa. Tunataka kilele sasa.

Jibu: Kilele cha kaskazini ni eneo la jeshi, hakipandwi. Kinachopandwa ni cha kusini, karibu mita 3,000, kwa njia ya W4. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na njiani hamna maji. Laleni juu usiku mmoja kabla, kwa hema na blanketi nzito, muanze kutembea kabla jua halijatoka. Maji ongezeni, lita nne au tano kila mtu. Saa ya kugeuka ipangeni mkiwa kambini, muiandike kwenye simu zote mbili.