Nenda na flashi dukani kabla ya kununua kifaa cha kurekodi vipindi vya TV

Neno "PVR" (yaani runinga au king'amuzi kinachorekodi vipindi) kwenye boksi halitoshi. Mwombe muuzaji aunganishe antena, chomeka flashi yako (isiwe na kitu cha maana, baadhi ya runinga huifuta yote kwanza), rekodi dakika tano, kisha ifungue kwenye kompyuta. Ukiona faili la .ts (aina ya faili la video) na VLC, programu ya kuchezea video, ikalicheza, chukua. Runinga nyingi hufunga rekodi kwa ufunguo wa runinga hiyo hiyo, kwa hiyo siku ikiungua, vipindi ulivyotunza havifunguki kwingine kokote. Ving'amuzi vya chaneli za bure mara nyingi havina kizuizi hicho. Mimi ningechukua king'amuzi.

Rekodi ikiendelea, badilisha chaneli. Ikigoma, tyuna (sehemu inayopokea chaneli) ni moja: ukirekodi mechi, wote nyumbani mtatazama mechi. Jaribu chaneli kadhaa, maana zilizo kwenye masafa mamoja huweza kupita hata kwa tyuna moja.

Jaribio hili halikuambii lolote kuhusu chaneli za kulipia, kwani nyingi hubaki zimefungwa hata baada ya kurekodiwa. Wala dakika tano hazionyeshi kikomo cha GB 4 kwa faili kwenye flashi ya FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili kwenye flashi. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde hula GB 3.6 kwa saa, hivyo filamu ya saa mbili itakatwa vipande au isimame katikati. Uliza kama kifaa kinakubali flashi ya NTFS au exFAT, mifumo isiyo na kikomo hicho.